Mama mlezi aliyeokoa ndoa yangu anataka mwanangu aache dawa za kifafa

Bwana Yesu asifiwe, ndugu wasomaji. Niko njia panda na mkesha ninaotaka kuwaeleza umekaribia, kwa hiyo naomba mwenye kulijua jambo hili anijibu bila kunizungukazunguka.

Mimi ni mama wa watoto watatu, nimeokoka, na kanisani niko kwenye kikundi cha kina mama. Nikikwama huwa na watu wangu wa kuwaendea: mama yangu mzazi kwa mambo ya malezi, mchungaji na mkewe, daktari wa watoto, na zaidi ya wote mama mlezi wa kikundi chetu. Huyu wa mwisho ndiye sababu ya barua hii.

Nianze na wema wake, maana sitaki asomwe kama mtu mbaya. Kuna wakati mimi na mume wangu tulikuwa hatusemezani. Ugomvi ulianzia kwenye pesa, ukaingia kwa wakwe, ukafika mahali hata salamu ni kazi. Mama mlezi alituita, akatukalisha, akatupa sharti moja: hakuna kujibu kabla hujarudia alichosema mwenzako, mpaka mwenyewe akiri kwamba ndicho alichomaanisha. Mume wangu akianza kujitetea, anamkatiza: "Hujarudia. Rudia kwanza." Akirudia nusu, anaambiwa arudie tena. Mwisho akasema kwa kinywa chake, "Mke wangu anasema nikituma pesa kwetu bila kumwambia, anajiona mgeni ndani ya nyumba yake." Akanyamaza. Kuanzia hapo tuliweza kuongea. Na yale yote aliyoyasikia siku zile, sijawahi kuyasikia kwa mtu mwingine yeyote. Mshauri anayeficha siri za ndoa ya watu hapatikani kirahisi, na mimi namheshimu kwa moyo wote.

Sasa mtoto wetu wa pili ana miaka 7, naye ana kifafa. Daktari alimpima, akamwanzishia dawa, akawa anaongeza kidogo kidogo mpaka akapata kipimo kinachomfaa. Ni muda mrefu sasa hajaanguka. Anasoma, anacheza, analala vizuri. Tulifundishwa pia la kufanya akianguka: tumlaze ubavu, tuondoe vitu vya kumuumiza, tusimkandamize, tusimtie kijiko wala chochote mdomoni, tuangalie saa, na dakika 5 zikipita bila degedege kuisha tumkimbize hospitali.

Kitu daktari alichokirudia kila tulipoonana ni kwamba dawa hizi hazikatizwi ghafla. Ukizikatiza, kifafa kinaweza kurudi na nguvu kuliko kile cha mwanzo. Degedege moja inaungana na nyingine mtoto hajazinduka, na hali hiyo inaua. Mtoto akimaliza kama miaka 2 bila kuanguka ndipo tutakaa na daktari tuone kama zinaweza kupunguzwa, tena polepole. Alitueleza kwamba duniani kuna watu wapatao milioni 50 wenye kifafa, na kwamba hadi asilimia 70 yao wangeweza kuishi bila kuanguka kama wangepata matibabu sahihi. Mwanangu yuko upande huo mzuri, na sitaki kumtoa huko.

Mama mlezi ameandaa mkesha wa maombi wa usiku tatu kwa ajili ya mtoto wetu. Nilifurahi, mpaka alipotoa masharti: dawa ziachwe tangu usiku wa kwanza, kwa sababu "huwezi kumwambia Mungu unamwamini huku umeshika chupa." Anasoma Mathayo 17, yule baba aliyemletea Yesu mwanawe mwenye kifafa, aangukaye motoni na majini, wanafunzi wakashindwa kumponya kwa upungufu wa imani. Anasema dawa ndio upungufu wetu wa imani.

Mimi pia nimesoma sura hiyo, nimeisoma hadi usiku. Sioni mahali Yesu anapomkemea yule baba kwa kumtunza mwanawe. Na katika Mathayo 4:24, wagonjwa wanapotajwa, wenye pepo wanatajwa peke yao na wenye kifafa peke yao. Hezekia alishaahidiwa na Mungu miaka 15 zaidi, na bado Isaya akaagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu lake. Luka aliyetembea na Paulo alikuwa tabibu, na Paulo anamwita mpendwa. Kwa hiyo siamini kwamba nikimpa mwanangu dawa asubuhi nimemfungia Mungu mlango. Nina wasiwasi hata na mkesha wenyewe, maana kukosa usingizi ni moja ya mambo yanayojulikana kuamsha kifafa.

Mume wangu ndiye anayeniumiza kichwa. Hajasema dawa ziachwe, lakini anasema, "Huyu mama alitushauri tukapona. Kwa nini tumwamini kwenye ndoa tumkatae kwenye hili? Tujaribu hizo usiku tatu tu." Nikimwambia ndoa na ubongo wa mtoto ni vitu viwili tofauti, anaona nimeanza kiburi. Daktari yuko tayari kuzungumza naye, hata na mama mlezi mwenyewe, lakini mume wangu anakataa, anasema tutamdhalilisha mtu mzima.

Na mtoto amesikia. Juzi asubuhi alikuwa ameshika kidonge kiganjani, maji pembeni, hamezi. Akaniuliza, "Mama, nikimeza Yesu atakasirika?" Nikamwambia Yesu hakasiriki, anataka apone. Akameza. Lakini tangu siku hiyo anageukia ukutani kila anapomeza. Hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Sitaki mwanangu akue akidhani yeye ni mgonjwa kwa sababu mama yake hana imani, au kwamba dawa ni dhambi ya kila siku asubuhi na jioni.

Mama yangu mzazi anasema nisibishane: niende mkesha, nimpe dawa kwa siri. Namwelewa, anataka amani. Ila siwezi. Mtoto atajifunza kwamba dawa ni kitu cha kufichwa, na siku mume wangu akigundua, uaminifu wote tuliojenga kwa jasho utakuwa umekwisha. Mke wa mchungaji naye anashauri tumwombe mchungaji atukutanishe. Hilo naliona lina uzito, ila naogopa likifika kwa mchungaji litaonekana kama nimemshtaki mama mlezi, na kina mama wengi wanamsikiliza kuliko wanavyomsikiliza yeyote.

Kuhusu dawa siombi ushauri. Mwanangu ataendelea nazo mpaka daktari aseme vinginevyo, na mkesha akienda ataombewa jioni kisha arudi nyumbani alale. Hilo nimeshaliamua moyoni, bado sijalisema mezani.

Ninachoomba ni hiki. Wenzangu mlioolewa, mume anayemheshimu mshauri kuliko anavyomsikiliza mkewe kwenye jambo la mtoto, mnaongea naye vipi bila kugeuza nyumba uwanja wa kushindana? Nimewaza kumwomba tukae tena kwa lile sharti la kurudia maneno ya mwenzako, halafu tumwite daktari kama mtu wa tatu, lakini sijui kama atakubali. Kwa mama mlezi, je, niende peke yangu nimweleze ana kwa ana, nimshukuru kwa aliyotutendea na nimwambie hapa sitamfuata, au nimwachie mchungaji kama nilivyoshauriwa? Na wazazi wenye watoto wa kifafa ambao makanisa yenu yanawaombea huku watoto wanatumia dawa: mliwaelezaje viongozi wenu hadi wakakubali, na watoto wenu mliwaambia nini walipouliza swali kama la mwanangu?

Mama wa watoto watatu