Kabla hujaifungua ile Landrova ya mzee

Wateja wengi wanaotuletea Landrova za zamani huanza na swali la rangi: kile kijani cha asili bado kinapatikana? Kinapatikana, na tutakuchanganyia. Ila rangi ni kazi ya mwisho. Kwanza tuzungumze kuhusu fremu (chesisi), yaani chuma cha chini kinachobeba bodi na injini, maana ndiyo itakayoamua kama utaifurahia kazi hii au utaichoka njiani.

Landrova ya toleo la Series III ilitengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985, na bodi yake kwa sehemu kubwa ni aluminiamu. Desturi hiyo ilianza na Landrova ya kwanza ya 1948, wakati chuma kilikuwa cha mgawo Uingereza baada ya vita. Ndiyo maana gari lililolala chini ya mwembe miaka mingi linaweza kuonekana zima kabisa. Ubaya uko kwenye chuma: fremu yenyewe, na ukuta unaotenganisha injini na abiria, hasa pale dereva anapoweka miguu. Fremu ni boksi lenye uwazi ndani. Tope na maji vikishaingia havitoki upesi, na kwa hewa yetu ya chumvi hapa Tanga kutu hula kutoka ndani kuja nje.

Chukua nyundo ndogo, ingia chini, gonga. Chuma kizima kinalia. Kilicholiwa kinatoa sauti nzito, iliyokufa. Hapo sukuma bisibisi, na ikipenya umepata jibu. Kagua zaidi mhimili wa fremu unaokatiza nyuma kabisa, mikono ya pembeni inayobeba bodi, na pale springi zinaposhikiliwa. Fremu iliyopakwa lami mbichi siku chache kabla ya kuuzwa tunaitilia shaka, na viraka vilivyochomelewa juu ya viraka vingine tunavikata vyote. Angalia pia aluminiamu inapogusana na chuma. Ukiona unga mweupe, unyevu umeshafanya kazi yake na bati limeanza kuliwa.

Usikate chochote kabla ya kupima nafasi za milango na kuchomelea mihimili ya muda. Milango ya mbele inaning'inia kwenye ule ukuta, na ukihama kidogo tu haitafunga tena sawasawa.

Injini ya petroli ya sentimita za ujazo 2,286 haitutii hofu. Ni ngumu, ni rahisi kuielewa, na spea zake bado zinatengenezwa. Breki ni za dramu magurudumu yote manne. Panga kubadilisha mipira na mabomba yote bila kujiuliza. Waya nazo usizirithi.

Nunua spana za inchi. Spana ya milimita "inayokaribia" ndiyo inayoviringisha nati ambazo zingefunguka vizuri. Piga picha kabla ya kufungua kila kitu, na kila kundi la boliti liingie mfuko wake wenye maandishi. Kuna kifaa kimoja tunakusihi usikifungue nyumbani: ile rilei ya stelingi, kiungo kinachopeleka mzunguko wa usukani kwenye magurudumu, iliyozama mbele ya fremu. Ndani yake kuna springi iliyobanwa kwa nguvu kubwa, na ikiruka inaweza kukuumiza vibaya.

Halafu kadi ya gari. Linganisha namba ya chesisi iliyogongwa kwenye fremu na ile ya kwenye kadi, na jina la mwenye gari pia. Gari la urithi ambalo kadi bado ina jina la marehemu, wanafamilia wamalize mirathi kwanza. Inasikitisha kuona kazi nzuri imesimama kwa sababu ndugu hawajakubaliana gari ni la nani.

Ukaguzi wetu hufanyika gari likiwa limeinuliwa juu ya stendi, nawe ukiwepo, ili uone kwa macho yako tunachokiona. Tunakuandikia cha kukata, cha kuokoa, na kazi unazoweza kufanya mwenyewe wikendi na watoto wako. Kama bado hujalinunua, ni bora zaidi: tutakwenda nawe kulikagua lilipo kabla hujatoa hela. Njoo na kadi, na kama gari haliwaki, tuambie mapema tupange namna ya kulivuta.