Barua kwa Mwanaidi kabla hajakata fulana

Minneapolis, Minnesota

Kwako rafiki yangu mpenzi Mwanaidi,

Assalaam alaykum. Natumaini hujambo wewe, mama na watoto. Nasi huku hatujambo, hofu na mashaka ni kwenu mlio mbali na macho yetu. Salamu nyingine utanisamehe nizitume siku nyingine, kwa maana leo nina haraka ya jambo moja, nalo ni ule ujumbe wa sauti uliomwachia Rukia. Unasema umeifungua bahasha ya pateni, yaani ile michoro ya karatasi ya kukatia nguo, aliyokuletea Mama Shani, umepima kipande cha mbele na cha nyuma cha fulana ya mtoto, ukatoa nafasi ya mshono, ule ukingo unaoliwa na mshono, ukakuta kifua kizima kinakuja sentimita 60, ilhali kifua cha binti wa Bi. Tatu ni sentimita 64. Ukahitimisha kwamba waliochora pateni wamekosea, na kwamba utaongeza inchi moja kila ubavu kabla ya kukata Jumamosi. Mwanaidi, nakusihi usiongeze chochote mpaka umalize kusoma barua hii. Nimeiandika kwa mkono ili niipige picha na kumtumia Rukia, kwa sababu ina hesabu, na hesabu ya ushonaji ikisemwa kwa simu hupotea njiani.

Pateni hiyo imechorwa ndogo kwa makusudi. Wewe umezoea kitenge, kanga, poplini na tetroni, vitambaa ambavyo nyuzi zake zimepishana na kubanana, na ndiyo maana ukimpima mtu kifua unaongeza nafasi ili aweze kupumua, kukaa na kuinua mikono. Mkono wako umefanya kazi hiyo miaka mingi na haujaharibu nguo ya mtu. Lakini kitambaa cha fulana kimefumwa kwa vitanzi, kitanzi ndani ya kitanzi, kama sweta lililofumwa kwa uzi mwembamba sana, na vitanzi hivyo hufunguka vinapovutwa na kujirudi vinapoachiwa. Nafasi ya kupumulia imo ndani ya kitambaa chenyewe. Ukiongeza nyingine kwenye karatasi, binti wa Bi. Tatu atavaa gunia: mabega yatamshuka, shingo itamwangukia upande mmoja, na makwapa yatamkunjamana.

Sasa chukua bahasha yenyewe uigeuze. Utaona pembeni mstari uliochapishwa kama rula, wenye alama mbili. Hicho ndicho kipimo cha mvuto, nacho ndicho kitu cha kwanza kusoma kabla hujatazama hata picha ya nguo. Kunja kitambaa chako kwa upana, si kwa urefu, mbali kidogo na ukingo, kwa sababu ukingo hudanganya. Shika sentimita 10 kati ya vidole vyako, weka kidole cha kushoto kwenye alama ya kwanza, kisha vuta taratibu kwa mkono wa kulia. Kikifika kwenye sentimita 13 na nusu bila kupigana nawe, kina mvuto wa asilimia 35, na pateni iliyodai mvuto huo itakubaliana nacho. Ukiona ukingo wa lile kunjo unajisokota kwa nguvu, ujue unakilazimisha, na kipimo hicho usikihesabu. Halafu kiachie ukitazame. Kikirudi kwenye 10, ni kitambaa cha kushona. Kikibaki kwenye 11, kiache dukani hata kama rangi yake imekupendeza, kwa sababu viwiko na magoti yatatokeza vifuko siku ileile ya kwanza.

Huenda ukaniuliza mbona mtoto wa 64 katika fulana ya 60 anahitaji mvuto mdogo tu, na bahasha inadai 35. Nami niliwaza hivyo hivyo mpaka nilipopima shingo. Tundu la shingo kwenye fulana hiyo lina mzunguko wa sentimita 40 hivi, na kichwa cha mtoto wa umri wake ni kama 52. Kwa hiyo mwili wa fulana pale shingoni lazima uvutike kwa asilimia 30 ndipo kichwa kipite. Ule utepe unaozunguka shingo nao hukatwa mfupi zaidi, kama 34 bila nafasi ya mshono, ili ulale bapa na kukumbatia shingo. Huo lazima uvutike kwa zaidi ya nusu ya urefu wake. Ndiyo maana wanasema utepe uwe wa ribu, kile kitambaa chenye mifereji kama cha mikono ya sweta la shule. Ukikata utepe wa 34 kutoka kitambaa chenye mvuto wa 35 tu, utafika kwenye 46 na kukwama, na mtoto atalia fulana ikiwa masikioni. Kama huna ribu, rudi kwenye shingo uichimbe kidogo na urefushe utepe. Lakini ubavu, Mwanaidi, ubavu usiuguse.

Nimekutajia nafasi ya mshono na sitaki ipite hivi hivi, kwa kuwa hapa ndipo pateni za madukani zinapowachanganya mafundi. Pateni za Simplicity, McCall's na Butterick huwa na sentimita 1.5 ndani yake. Hiyo niliyokutumia ni ya Kwik Sew, na kwenye vitambaa vya kuvutika wao huweka milimita 6. Ukishona kwa 1.5 kama ulivyozoea, utakula milimita 9 za ziada kwenye kila ukingo, na mbavu mbili zina kingo nne: sentimita 3.6 zimekwenda, na 60 yako imekuwa 56 na kitu. Hapo ndipo utakaponipigia simu kusema fulana inabana, na utakuwa na haki, ila sababu itakuwa mshono wala si mchoro. Majarida ya Burda na Ottobre, kama Mama Shani atakuletea siku moja, hayaweki nafasi ya mshono kabisa. Unaiongeza mwenyewe unapokopi.

Kampuni hiyo ya Kwik Sew ilianzishwa katika mji huu huu ninaoishi, na mwanamke aliyetoka Sweden, Kerstin Martensson, mwaka 1967, akiwa na nia hasa ya kuwafundisha watu kushona vitambaa vya kuvutika nyumbani. Na mji wenyewe ulikuwa na kiwanda cha nguo za ndani za kufuma tangu karne ya 19, kile kilichokuja kuitwa Munsingwear. Ukiishi hapa kipindi cha theluji unaelewa kwa nini. Watoto wangu hawavai sweta moja nene. Wanavaa fulana ya mikono mirefu, juu yake nyingine, ndipo sweta, ndipo koti, na ile ya ndani isipokaa vizuri mwilini hujikunja makwapani na kuwakera kutwa nzima shuleni. Za dukani huwa fupi mikononi kwa Idrisa na pana kiunoni. Ndiyo maana nashona, na ndiyo maana jambo hili linanigusa sana hata nikakuandikia kurasa zote hizi.

Kuhusu kuchagua saizi, usitazame umri, wala usitazame saizi iliyoandikwa kwenye nguo ya dukani. Ndani ya bahasha kuna jedwali la vipimo vya mwili. Mpime mtoto kifua, kiuno na nyonga, ufuate kifua. Kama ni mwembamba na mrefu kama Idrisa, chukua saizi ya kifua chake, halafu tafuta mistari miwili iliyo sambamba katikati ya kipande cha mwili na cha mkono. Kata hapo karatasi uliyokopi, tenganisha kwa urefu unaohitajika, bandika kipande cha karatasi katikati. Urefu unaongezwa hapo na si kwenye pindo, ili umbo la kiuno libaki mahali pake. Wala usiikate karatasi ya asili. Ina saizi kadhaa zilizochorwa moja ndani ya nyingine kwa mistari ya rangi tofauti, na ukiikata kwa mtoto mmoja umewanyima wadogo zake. Ilaze chini ya karatasi nyepesi, kopi saizi unayoitaka pamoja na alama zote, pamoja na ule mshale unaoonyesha upande wa mvuto, uandike jina la mtoto na tarehe. Mimi nina faili la kila mtoto, na hata la Babu Athumani, ambaye sasa hataki fulana nyingine isipokuwa hizo.

Kitambaa cha kuvutika chenye sifa nzuri najua ni taabu kukipata kwa mita hapo Ngamiani, na wauzaji wengine hukwambia ni pamba tupu kumbe ni kitu kingine. Shauri langu ni uanzie kwenye mitumba. Chagua fulana kubwa ya mwanamume ambayo haijachakaa, uifue, kisha ilaze juu ya meza na uweke pateni ya mtoto juu yake, mstari wa pindo wa pateni ukikaa sawasawa na pindo la fulana. Pindo lile la kiwandani lenye mishono miwili linakuwa pindo la nguo yako, na kazi ngumu kuliko zote umeikwepa. Mikono ifanyie vivyo hivyo. Hakikisha tu upande unaovutika zaidi unazunguka mwili. Na kama ni kitambaa kipya, kifue kabla ya kukata, kwa maana pamba ya kufuma husinyaa ikifuliwa, hasa kwa urefu, na usikiache kining'inie nje ya meza unapokata. Uzito wake hukivuta, nawe utakata umbo ambalo si lake.

Cherehani yako nyeusi inashona mstari ulionyooka tu, na mshono huo ukivutwa hukatika. Kwa mbavu na mabega peleka kwenye ovaloki ya Mzee Salehe, ile cherehani inayoshona huku ikifunga ukingo; naamini bado hajagombana nawe kwa habari ya ile meza. Ukikosa nafasi kwake, tumia cherehani ya umeme ya Rukia kwa zigizaga nyembamba sana. Na ikibidi utumie yako, weka uzi wa polista, fupisha mshono, na uvute kitambaa kidogo sana mbele na nyuma ya kiguu wakati sindano inashuka, ili uzi uingie kwa wingi. Kwenye bahasha nimekuwekea sindano zenye ncha ya mviringo, namba 75 na namba 90. Sindano ya kawaida ni kali na hukata kitanzi, na kitanzi kimoja kikikatika hufungua jirani zake, ndiyo vile vitundu vinavyotokea kandokando ya mshono baada ya kufua. Ile ya mviringo husogeza kitanzi pembeni ikapita. Mshono wa bega ushonee pamoja na utepe mwembamba usiovutika, kwa sababu bega ndilo linalobeba fulana nzima.

Ukifika shingoni, gawanya utepe mara nne kwa pini, na tundu la shingo mara nne kwa pini, uunganishe pini kwa pini. Unaposhona, vuta utepe peke yake mpaka ulingane na shingo, na fulana iache ilale. Ukivuta vyote viwili shingo itakuwa na mawimbi. Kisha pasi ya mvuke, kwa kuibonyeza na kuinyanyua, bila kuiburuta. Usiihukumu shingo kabla haijapoa.

Haya yote nimeyasema kwa sababu umeniambia Bi. Tatu anataka fulana za sare kwa ajili ya Idi, yeye, mabinti zake na yule mdogo wa kiume, na kwamba kitambaa amekwisha kununua chote kwa mkupuo. Ninachoomba ni hiki: kata ya mtoto mmoja kwanza, kutoka fulana ya mtumba yenye mvuto unaofanana, kwa 60 ileile iliyo kwenye pateni, mvishe, mwambie ainue mikono na kuinama. Ikibana kweli, panda saizi moja kwa kufuata mstari wa nje, ambao umepanua na bega, na kwapa, na mkono kwa kiasi kinachopatana. Inchi ya kubandika ubavuni huacha bega na kwapa vilevile, na hapo mkono hautakubali kuingia kwenye tundu lake.

Sasa nijibu haya, tafadhali, kabla ya Jumamosi. Kitambaa alichonunua Bi. Tatu kinafika wapi kwenye ile rula ya bahasha, na kikiachiwa kinarudi? Amenunua mita ngapi, na kina upana gani? Ribu ipo, au niitafute huku nimpe Mama Shani atakaporudi? Yule mdogo wa kiume amepimwa, au amekadiriwa kwa macho? Bi. Tatu mwenyewe anataka ya kukaa mwilini au ya kupwaya, kwa maana hizo ni pateni mbili tofauti na niliyokutumia ya watu wazima ni ya kukaa mwilini? Mzee Salehe atakulipisha kwa nguo au kwa saa? Na mama macho yake yanaendeleaje, ameweza kurudi kushona kofia? Mpe salamu zangu, mwambie ile ya Idrisa inamtosha barabara. Piga picha ya kitambaa kikiwa kimevutwa juu ya rula, Rukia anitumie usiku huohuo, nitakuwa macho.

Wako akupendaye,
Zainabu