Likeni Kavu na Likeni Iliyolowa: Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti

Ndugu wanachama,

Mkutano uliopita wa chama chetu cha wachoraji uliazimia tupunguze kuchora maua na tuelekeze penseli zetu kwenye likeni, zile zinazotambaa juu ya mawe, magome na nguzo za uzio huko mashambani. Walikuwapo waliosema pale hakuna cha kuchora ila madoa. Wengi wao ndio sasa hawabanduki kwenye jiwe hata tukiwaita kwamba safari imekwisha.

Kwa wanachama wapya: likeni si mmea. Ni kuvu anayeishi pamoja na mwani au bakteria wenye uwezo wa kutengeneza chakula kwa mwanga wa jua. Simon Schwendener, mtaalamu wa mimea wa Uswisi, alipoeleza hayo katika miaka ya 1860, wataalamu wengi wa likeni walimpinga vikali. Kwetu wachoraji maana yake ni hii: umbo tunaloliona kwa kawaida ni la kuvu, na kijani kimejificha chini ya ngozi yake.

Hapo ndipo ulipozuka ubishi mkubwa wa mwaka. Wanachama wawili walileta michoro ya likeni ileile, mmoja ya kijivu, mwingine ya kijani kibichi, kila mmoja akiamini mwenzake hajui kuchanganya rangi. Kumbe mmoja alichora kabla ya mvua na mwingine baada yake! Likeni ikilowa, ngozi ya juu hupitisha mwanga na mwani ulio chini huonekana. Likeni iitwayo Xanthoria parietina nayo huwa ya rangi ya chungwa juani, lakini kivulini huelekea kijani. Kamati ikaamua kila mchoro uandikwe pembeni: kavu au imelowa, juani au kivulini, imeota juu ya nini, pamoja na mstari wa kipimo kwa milimita. Wapo wanaolalamika kwamba maandishi yanaharibu picha. Kwangu mimi, mchoro wa likeni usio na kipimo ni pambo. Pambo si dhambi, ila siyo kazi tuliyojipa.

Kiufundi, likeni zenye umbo la kichaka kama Usnea ziliwapendeza wanaoanza, kwa kuwa zina nyuzi za kufuata. Zilizotuhenyesha ni zile za ukoko zilizogandamana na mwamba. Kwa Rhizocarpon geographicum, ya manjano-kijani yenye mipaka myeusi, tumeona afadhali kuanza na mipaka kwa wino na kuacha rangi mwisho. Lenzi ya kukuza mara 10 yatosha. Picha ya simu husaidia kumbukumbu, lakini mara nyingi haionyeshi kama ukingo umeinuka au umelala.

Jambo moja limenikera. Katika safari mojawapo, likeni za mwambani zilikwanguliwa kwa kisu ili zikachorwe nyumbani. Rhizocarpon hukua chini ya milimita moja kwa mwaka. Kipande cha upana wa kiganja huenda kilianza kabla hajazaliwa mzee wetu yeyote humu. Kuanzia leo hakuna kubandua. Tawi lililoanguka lenyewe, chukueni.

Hesabu atazisoma mweka hazina. Karatasi za rangi za maji ndizo zilizotugharimu zaidi. Walioazima lenzi wazirudishe, tafadhali.

Kwa mwaka ujao napendekeza kila mmoja achague mti mmoja na kuuchora tena na tena, tarehe ikiwekwa. Likeni hazina mizizi. Hufyonza maji na kilichomo hewani kwa mwili wote, na aina nyingi hutoweka hewa ikichafuka. Mtaalamu wa likeni William Nylander aliligundua hilo Paris mwaka 1866, alipolinganisha likeni za bustani ya Luxembourg na za kwingineko. Michoro yetu ya mti uleule, ikipangwa kwa miaka, itaonyesha zipi zimeongezeka na zipi zimepotea. Miti iliyo kando ya barabara ipewe kipaumbele. Katibu ana daftari la kujiandikisha, na ninaomba pendekezo hili lijadiliwe kabla ya uchaguzi wa kamati.