Wito wa harambee: magoli, mfereji na upimaji wa uwanja wa shule yetu

Mwangaluka wazazi, walezi, majirani, nanyi mliosoma hapa Ng'ambo, Tabora, mkatawanyikia Dar, Mwanza, Kahama na kwingineko.

Kamati ya shule imeniagiza niandike wito wa kuchangia uwanja wa mpira. Mwenyekiti alitaka nusu ukurasa. Nilimwambia mapema kwamba habari za mpira wa Tabora haziishi nusu ukurasa, na hasa za timu hii ninayotaka kuanza nayo.

Usiku wa tarehe 7 Novemba 2024, kibanda umiza kilicho nyuma ya shule kilifurika mpaka watu wakachungulia kwenye matundu ya mabati. Tabora United ilikuwa Chamazi ikicheza na Yanga, na hakuna aliyelipia kiingilio akitegemea zaidi ya kufungwa kwa heshima. Mpira ukaisha 3-1, tumeshinda sisi. Offen Chikola peke yake alitia mawili. Haikupita wiki mbili Yanga wakaachana na kocha wao, Miguel Gamondi. Kesho yake shuleni hakuna mtoto aliyekubali kuwa mtu mwingine: wote Chikola, hata golikipa. (Ndugu zetu wa Yanga, tunajua mlikuja kulipiza marudiano hapahapa Tabora. Simba nao walitupiga tatu. Leo tuachieni hii moja.)

Walioanza kuifuatilia timu hiyo usiku ule huenda hawajui ilikotoka. Ilitoka Kilimanjaro ikiitwa Kitayosce, ikahamia kwetu, na mwaka 2023 ikapanda Ligi Kuu ikiwa ya pili nyuma ya JKT Tanzania. Mechi yake ya kwanza ya ligi, Agosti 2023, ilikuwa dhidi ya Azam, palepale Chamazi. Usajili ulikuwa umekwama, hivyo ikaingia uwanjani ikiwa pungufu. Kanuni inasema timu ikibaki na wachezaji chini ya saba mchezo hauendelei. Vijana wakaanza kuumia, idadi ikashuka, na dakika ya 15 mwamuzi akamaliza mpira, Azam ikiongoza 4-0. Mji mzima ulichekwa. Wenye vijembe walikuwa na la kusema kutoka stendi hadi sokoni.

Muda mfupi baadaye jina likabadilishwa, ikawa Tabora United. Msimu ule iliponea kwenye mtoano, ikawabwaga Biashara United ya Mara na kubaki Ligi Kuu. Miezi michache tu baada ya hapo ndiyo ikamfunga bingwa mtetezi nyumbani kwake. Kwangu mimi hilo ni jambo kubwa kuliko watu wanavyolichukulia, maana klabu nyingi zikishachekwa namna ile huwa hazirudi. Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato ikaichukua, na sasa inaitwa TRA United. Majina matatu ndani ya miaka isiyozidi mitatu.

Kabla yake tulikuwa na Rhino Rangers, timu ya jeshi. Ilipanda Ligi Kuu msimu wa 2013/14, ikaanza kwa sare ya 2-2 na Simba katika Uwanja wa Ali Hassan Mwinyi, na msimu ulipoisha ikashuka. Nyuma zaidi kulikuwa na Milambo, ambayo babu zenu wakiitaja utadhani Mtemi Mirambo mwenyewe ndiye aliyekuwa akivaa jezi namba tisa.

Kwa hiyo Tabora haijawahi kukosa timu ya kushangilia. Timu zinakuja, zinabadili jina, zinachukuliwa na mwingine, zinashuka, na sisi hatuna kauli. Mpira wa kulipwa ndivyo ulivyo: mwenye fedha ndiye mwenye timu, na hatumlaumu mtu. Kilicho mikononi mwetu ni kile kipande cha ardhi ambapo mtoto wa darasa la tatu anajifunza kutuliza mpira kifuani. Ndicho tunachokiombea fedha.

Njooni mkione. Magoli ni miti minne ya mkaratusi iliyochimbiwa, na hakuna mtambaa panya. Goli la kanuni lina upana wa mita 7.32 na kimo cha mita 2.44, letu kimo chake huamuliwa kwa mabishano. Mpira ukipita juu ya kichwa cha golikipa, timu moja inapiga kelele "limeingia", nyingine inapiga kelele "limepaa", na mwalimu wa michezo huwaamuru wapige tena. Upande wa barabara, maji ya masika yamechimba korongo kutoka kwenye kona hadi karibu na duara la kati. Mwanzoni tulilifukia kwa takataka za ujenzi, na sasa vipande vya matofali na vigae vinatokeza juu. Watoto wanacheza peku. Muuguzi wa zahanati anawajua kwa majina.

Wasichana wana shida zaidi. Upande wa wavulana ndio wenye afadhali, na wao hawauachii mpaka jua linazama. Timu ya wasichana hufanya mazoezi upande wa korongo, ikiwa na mpira mmoja uliovuliwa ngozi kiasi cha kubaki kitambaa.

Na liko jambo linalotukosesha usingizi kuliko hayo yote: eneo halijapimwa. Hakuna jiwe la mpaka hata moja. Kila mwaka njia ya bodaboda inasogea ndani, na kibanda kilichoanza na meza ya kuuzia maembe sasa kina ukuta. Tusipopima sasa, miaka michache ijayo tutakuwa na magoli mazuri yaliyosimama katika ua wa mtu.

Ndiyo maana upimaji na mawe ya mpaka ndivyo vya kwanza, shilingi 1,500,000. Mfereji wa kugeuza maji, kifusi na kusawazisha ni 3,200,000. Magoli mawili ya bomba la chuma pamoja na nyavu, 1,800,000. Mipira pamoja na jezi za wasichana, 700,000. Jumla 7,200,000. Walimu na baadhi ya wazazi wameshatoa 1,150,000, zimebaki 6,050,000.

Najua swali linalokuja, kwa sababu lilikuja hata kwenye kikao: madawati hayatoshi, mpira wa nini? Ni kweli hayatoshi, na mchango wa madawati unaendelea kivyake. Hakuna shilingi itakayohamishwa kutoka huko. Lakini mkoa wetu umepokea UMITASHUMTA na UMISSETA, yaani michezo ya kitaifa ya shule za msingi na sekondari, miaka hii ya karibuni, watoto wa nchi nzima wakaja kukimbia kwenye viwanja vya Tabora, na wa kwetu wengi waliishia kushika uzio. Huwezi kumwambia mtoto ajipange kwa mashindano ya mkoa wakati hajawahi kupiga penalti kwenye goli lenye nyavu.

Fedha zinapokelewa na mhazini katika ofisi ya mwalimu mkuu, na risiti inatolewa hapohapo. Walio mbali watumie namba iliyobandikwa kwenye kundi la wazazi; tafadhali msitume kwa namba nyingine yoyote, hata kama mwenye nayo anajiita mwanakamati. Matumizi yatabandikwa ubaoni kila Ijumaa. Asiye na fedha anaweza kuleta alichonacho: gunia la mahindi, galoni ya asali, kuku. Vyote vitapigwa mnada. Mzee mmoja wa Isevya ameshaahidi jogoo, ila ameweka sharti kwamba asinunuliwe na shabiki wa Simba. Tunaendelea kumbembeleza.

Siku yenyewe ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu, hapohapo uwanjani. Mnada ni saa 4, baada yake wasichana watacheza na shule jirani. Kuanzia saa 1 asubuhi ni kazi ya mikono kwenye korongo. Mwenye koleo aje nalo. Ya shule ni matatu tu, na moja halina mpini.