Bibi yake hakukosa imani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nijibu neno lililosemwa kwenye kesha moja hapa Tororo mwezi uliopita. Mhubiri mgeni aliwaambia vijana kwamba mtu akiomba jambo miaka mingi bila kulipata, ajue imani yake ina kasoro. Mjukuu wangu wa miaka 14 alirudi alfajiri, hakulala. Akaniuliza, "Babu, kwa hiyo bibi hakuwa na imani?"

Mke wangu aliugua figo miaka sita. Tuliomba kila siku, na akafariki.

Niliingia kazi ya reli mwaka 1973, nikawa gadi wa treni za mizigo kati ya Malaba na Kampala. Enzi hizo gadi alikaa peke yake behewa la mwisho, yeye na taa yake na bendera zake, usiku kucha. Huko ndiko nilikoanza kusali kwa dhati, na sala yangu ilikuwa moja tu: nifike salama. Tukikaribia daraja la Nile pale Jinja naanza Baba Yetu. "Mapenzi yako yatimizwe" niliisema mbio, maana niliyoyataka yatimizwe ni yangu.

Februari 1977 aliuawa Askofu Mkuu wetu wa Kanisa la Anglikana Uganda, Janani Luwum. Mwaka huohuo Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, reli yake ya pamoja ikagawanywa, na Wakenya niliokula nao sahani moja wakarudi kwao. Nilikasirika na Mungu, nikaacha kusali kwa miezi. Aliyenirudisha ni mzee mmoja mlokole, mfanyakazi wa njia ya reli. Hakunihubiria. Aliniambia, "Kama huna la kumwambia, nenda ukae kimya mbele zake. Mradi umekwenda." Nikaanza kukaa kimya, robo saa, saa kumi na moja alfajiri. Mpaka leo nakaa.

Kuna jambo ambalo sijawahi kulisema hadharani. Ndugu yangu alichukua shamba la baba yetu lote. Mwanzoni nilimwomba Mungu amwadhibu. Baada ya miaka nikawa naomba tu nirudishiwe sehemu yangu. Kisha watoto wake wakashikwa na surua, nikajikuta nawaombea kwa machozi, mmoja mmoja kwa jina, na shamba sikulitaja. Shamba halikurudi. Lakini Pasaka iliyofuata nilikwenda kwake tukala pamoja, na mtu aliyeanza kuomba lile ombi la adhabu asingeweza kuketi pale mezani kwake.

Sasa, kuhusu mke wangu. Mwaka wake wa mwisho alipenda nimsomee 2 Wakorintho 12, pale Paulo anapomsihi Bwana mara tatu amwondolee mwiba, naye anajibiwa, "Neema yangu yakutosha." Mwiba ulibaki. Hospitalini alikuwa anauliza majina ya wagonjwa wa vitanda vya jirani, na usiku nikimsikia akiwaombea wao kwanza. Mwanzoni mwa ugonjwa alikuwa anaombea figo zake tu, nami pia. Huyo ndiye anayeambiwa hakuwa na imani?

Simkatazi mtu kuomba mkate, ada ya shule au uponyaji; Bwana mwenyewe ametufundisha kuomba riziki ya kila siku. Ila kijana akifundishwa kwamba sala ni hiyo tu, atafanya nini siku jibu likiwa hapana? Nimewaona wengi wakiondoka kanisani kimya kimya, na hakuna aliyewafuata.

Wachungaji wangu, nawaombeni hili. Kesha lijalo, kabla ya mhubiri, mpeni nusu saa mjane mmoja au mzee mmoja wa kanisa asimame mbele ya vijana, awaeleze aliomba nini, akanyimwa nini, na amekaaje na Mungu tangu hapo. Mkikosa mtu, mimi nipo. Nitakuja na mjukuu wangu, nimjibu hapohapo mbele ya wenzake waliosikia lile neno pamoja naye.

Gadi mstaafu wa reli,
Tororo