SALAMU ZA SHUKRANI

Bwana alitoa, na Bwana ametwaa. Jina la Bwana na libarikiwe.

Familia ya marehemu baba yetu, ambaye Lushoto nzima ilimwita Bwana Miti, inawashukuru nyote mliotushika mkono tangu alipotutoka hadi tulipompumzisha shambani kwake.

Haikuwa rahisi. Wosia aliuandika mwenyewe: asichomwe dawa ya kuhifadhi mwili, asiwekwe kwenye jeneza la mninga, kaburi lisijengewe kwa saruji wala marumaru. Tangu mwaka 2011, aliposoma kuwa Profesa Wangari Maathai alikataa jeneza la mbao akawekwa kwenye la mianzi, mafunjo na magugu maji, alikuwa hachoki kutukumbusha: "Nimepanda miti maisha yangu yote, msije mkanikatia." Usiku ule alipotutoka, ukoo uligawanyika. Wapo waliosema tunamzika kama mtu asiye na watoto. Na bila dawa hatukuweza kungoja wasafiri. Ilibidi azikwe kesho yake.

Ndipo Mungu akatuletea jirani yetu, mzee wa msikiti. Alikaa na baba zetu wakubwa mpaka alfajiri, akawaeleza kwa upole kwamba wao huzika kwa sanda tu tangu enzi na enzi, na hakuna aliyewahi kuwaambia wamemtupa mtu wao. Asubuhi akashuka mwenyewe kaburini kuwaonyesha vijana namna ya kupanga viunza, udongo usimwangukie marehemu. Naye shangazi akatoa mkeka wa ukindu aliomsukia mjukuu wake kwa ajili ya harusi, haujakaliwa hata mara moja, rangi bado mbichi. Ndio tuliomviringishia baba. Shangazi, hatuna cha kukulipa.

Tunamshukuru mchungaji aliyekubali kuongoza ibada isiyo na jeneza, wazee wa kanisa, kwaya, kamati ya mazishi, wachimba kaburi, akina mama wa jikoni, walioleta kuni, mahindi na maturubai, vijana wa bodaboda, wenzake wa zamani wa idara ya misitu, waliotuma rambirambi kwa simu... jamani, ni wengi mno. Tusiowataja mtuwie radhi, Mungu anawajua kwa majina.

Radhi kubwa zaidi tunawaomba ndugu wa Mwanza na Dar es Salaam mliofika mkakuta tumeshazika, hasa wewe baba mdogo uliyesafiri usiku kucha usipate hata kumuaga kaka yako.

Ibada ya shukrani ni Jumamosi ijayo saa nne asubuhi, nyumbani. Kaburini pana mawe ya shambani na mche wa mringaringa. Mashada ya plastiki tafadhali msilete; mwenye mche aje nao.