Programu ya duka isiyojua kuandika ng'ombe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na vijana wenzangu wanaotengeneza programu za maduka, maana kazi hii na mimi naifanya hapa Mwanza na kuna jambo linaniuma sana.

Mwezi uliopita dada mmoja anayeuza dawa za mifugo aliniita, kompyuta inagoma. Nikamwambia haya dada, uza kama kawaida nione. Akaandika dawa ya minyoo ya ng'ombe, akabonyeza hifadhi, programu ikajifunga palepale. Akarudia, safari hii akaandika ngombe bila ile alama, ikapita. Kumbe wauzaji wameshazoea, hata mteja anayeitwa Ng'wandu wanamwandika Ngwandu, yaani tuko Usukumani kabisa na programu haijui ng'! Sababu yenyewe ndogo, aliyeitengeneza alichomeka maneno ya muuzaji moja kwa moja ndani ya amri ya SQL, ile lugha ya kuongea na hifadhi ya data, na kwenye SQL ile alama ndo inayofunga maneno, kwahiyo amri inakatikia njiani. Angetumia parameta, yaani maneno ya muuzaji yapelekwe pembeni ya amri, yasingetokea, na huo uchomekaji ndo mlango ambao wahuni wanapitia kuiba data.

Alafu data yote ilikuwa faili moja kwenye folda ya kushea, kompyuta mbili zinaandika humohumo, umeme ukikatika (na unakatika) faili linaharibika na hesabu za siku zinapotea.

Ndo maana mtu akiniuliza atumie nini, sianzi na lugha, namuuliza duka lina kompyuta ngapi. Ikiwa moja, SQLite, hifadhi ya data ndogo, inatosha kabisa, ni ya bure, haitaki seva (programu ya pembeni ya kuhudumia data), na ukiweka kila mauzo ndani ya transaction moja, yaani amri zote zipite pamoja au zisipite kabisa, umeme ukikatika katikati ya mauzo, ukiwasha inayafuta yale ambayo hayajakamilika, stoo haibaki imepungua huku pesa haijaingia. Zikiwa mbili au zaidi achana na folda ya kushea, weka PostgreSQL au MariaDB, hifadhi za data zenye seva, kwenye mashine moja na zingine zote ziulize pale.

Hapo sasa ndo uje kwenye madirisha na vitufe. Mimi natumia Lazarus, programu ya kutengenezea programu, lugha yake ni Pascal, wengi wanasema ya wazee, lakini unavuta DBGrid (jedwali la kuonyesha data) unaitupia kwenye fomu, unaiunganisha na DataSource (kiungo cha kwenda kwenye data), data unaiona hapohapo kabla hata hujaendesha programu, na inakimbia vizuri kwenye kompyuta chakavu ya RAM GB 2. Anayejua lugha ya Python ana Tkinter ya kuchorea madirisha, inakuja nayo, au achukue Qt akitaka muonekano mzuri zaidi, ila PyQt, yaani Qt ya kutumia na Python, asome leseni kabla hajauza kwa mtu. Electron, ya kutengeneza programu kwa mtindo wa kurasa za wavuti, inapendwa sana siku hizi, nakubali inapendeza, ila kila programu inabeba kivinjari kizima cha Chromium ndani yake, sasa kwa kompyuta za maduka yetu huo ni mzigo.

Yule dada nimemwandikia upya, Lazarus na PostgreSQL, na jioni akifunga duka nakala ya data inaenda kwenye flashi anaondoka nayo nyumbani.

Walimu wa vyuo nawaomba kitu kimoja, kabla hamjampa mwanafunzi maksi za projekti, andikeni ng'ombe kwenye kila kisanduku, alafu chomoeni waya wa umeme katikati ya mauzo.

Mtengeneza programu,
Mwanza